Mteja Hajui Jina Lako, Anajua Anachotaka

Hotuba niliyoitoa Mikindani, Mtwara, mbele ya wabanguaji wa korosho, wachongaji, wasukaji wa mikeka na wenye maduka madogo ya mtandaoni, kuhusu namna ya kuandika bidhaa ili mteja anayetafuta mtandaoni aione. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za asubuhi. Na nyie vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo huku pembeni.

Nianze na sauti. Sote humu tumekua tukiamshwa na wachuuzi. Anapita wa kwanza, "Vibua! Vibua vibichi!" Anapita wa pili na ndoo kichwani, "Maandazi ya moto!" Mchana anakuja kijana na mzigo wa mitumba begani, "Shati elfu tano, elfu tano shati!" Mama yuko jikoni, hamwoni mchuuzi wala mchuuzi hamwoni yeye, lakini kwa maneno matatu tu ameshajua kama atatoka nje au ataendelea kukuna nazi. Sijawahi kumsikia mchuuzi wa Mtwara akipita mtaani na kusema, "Ubora usio na kifani! Ladha ya kipekee!" Angezunguka mji mzima na kurudi ndoo imejaa vilevile. Anataja kitu, anataja hali yake, anataja bei. Na msisahau kwamba neno machinga, ambalo leo nchi nzima inalitumia kwa mfanyabiashara mdogo, limetoka huku kwetu, kwa Wamachinga wa Lindi. Kuita kitu kwa jina lake ni kazi tuliyoikuta kwa wazee.

Tulipohamia kwenye simu tukauacha uhodari ule njiani. Kabla ya kuja hapa nimepitia kurasa za maduka ya wengi wenu, na mniwie radhi, nimekuta sifa nyingi na majina machache.

Hebu tuelewane kwanza kuhusu hii mashine ya kutafuta bidhaa. Iwe ni Google Shopping, iwe ni Bing, iwe ni ile iliyo ndani ya soko kubwa kama Amazon, kazi yake inafanana. Mtu anaandika anachotaka. Mashine inapitia mamilioni ya bidhaa zilizoandikishwa, inalinganisha maneno ya mtu yule na maneno ya wauzaji, inatoa orodha. Haijafika Mikindani. Haijaonja korosho yako wala kuushika mkeka wako. Inakujua kwa ulichokiandika, kwa picha uliyoweka, na kwa taarifa ulizojaza kwenye vile visanduku ambavyo wengi wetu tunaviruka. Na mteja wa Dodoma au Mwanza haandiki jina la duka lako, kwa sababu halijui. Anaandika "korosho kilo moja bei." Kama maneno hayo hayamo kwako, kwake wewe haupo.

Nami nilianza vibaya. Pakiti zangu za kwanza za korosho niliziita Johari ya Kusini, na nililipenda jina lile kama mtoto. Kwenye tovuti, mahali pa jina la bidhaa, niliandika: "JOHARI YA KUSINI, TAMU SANA, OFA!!!" Litazameni jina hilo. Halina korosho ndani yake. Halina uzito. Halisemi imekaangwa au haijakaangwa, ina chumvi au haina. Kwa miezi minne walionunua walikuwa ndugu, majirani na watu niliowatumia kiungo mwenyewe kwa WhatsApp. Mgeni hakuja hata mmoja. Kisha akaja bwana mmoja wa Morogoro aliyekuwa amefika Mtwara kwa msiba. Alinunua pakiti mbili, akarudi kwao, akapoteza namba yangu. Alinitafuta mtandaoni wiki mbili. Aliandika korosho za Mtwara kwa kila namna aliyoweza, akaletewa maduka ya Dar es Salaam na ya nje ya nchi, mimi hakuniona. Mwishowe alimpigia mwenye nyumba ya wageni aliyolala ndipo akapewa namba yangu. Iliniuma sana. Mtu ana pesa mkononi, ananitaka mimi na si mwingine, nami nimejificha nyuma ya jina zuri.

Usiku ule ule niliandika upya: "Korosho za kukaanga zenye chumvi, nzima, W320, gramu 500, Mtwara."

Naomba nikae kidogo kwenye sentensi hiyo, maana humo ndimo kazi yenyewe ilimo. Neno la kwanza ni kitu chenyewe, korosho. La pili ni hali yake, za kukaanga, kwa sababu anayetaka korosho mbichi za kupikia hataki hizi, na ni heri asije kuliko aje arudi na hasira. Kisha chumvi. Kisha nzima, maana wabanguaji mnajua tofauti ya bei kati ya nzima na vipande. Halafu W320. Wabanguaji mnaijua, wanunuzi wetu wengi wa ndani hawaijui, lakini mnunuzi wa hoteli na yule wa nje anaitafuta kwa namba hiyohiyo. W ni korosho nzima nyeupe, na namba ni idadi ya korosho zinazoingia kwenye ratili moja, yaani gramu 454 hivi. Kwa hiyo W180 ni kubwa kuliko W240, na W240 ni kubwa kuliko W320. Biashara ya korosho ilikuwa na lugha yake kamili kabla intaneti haijazaliwa, nasi tunaiacha kando tunaandika "tamu sana." Tamu sana hakuna anayeipima. W320 inapimika.

Jina la duka langu lilienda wapi? Kuna kisanduku chake, kinachouliza chapa. Johari ya Kusini inakaa humo, na ofa inakaa kwenye kisanduku cha bei ya punguzo. Google wenyewe hawataki maneno ya ofa wala usafiri wa bure ndani ya jina la bidhaa, wala jina lote kwa herufi kubwa. Wanakupa herufi 150, lakini kwenye kioo cha simu mara nyingi mtu anaziona 70 za mwanzo au pungufu ya hapo. Jina langu jipya lina herufi 64 ukihesabu pamoja na nafasi na mikato. Ukianza na "Karibu ujipatie bidhaa bora kutoka kwa," umeshamaliza nusu ya kioo na mteja hajajua unauza nini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafunzo mengi yanayotoka nje hayaligusi, kwa sababu walioyaandika hawasemi Kiswahili. Kiswahili hubadilika mbele ya neno. Lugha nyingine nyingi hubadilisha mkia wa neno, mwanzo unabaki, na mashine inautambua kwa urahisi. Sisi tukisema kinyago na vinyago, mkeka na mikeka, kikapu na vikapu, kichwa cha neno kimeondoka. Mashine siku hizi zimejifunza mengi, lakini mimi sibahatishi. Kwenye jina naandika umoja, "Mkeka wa ukindu," na kwenye maelezo naandika sentensi ya kawaida yenye wingi, "Mikeka yetu husukwa kwa mkono Mikindani." Mteja akiandika hili au lile, ananikuta. Isiwe kurundika maneno, mkeka mikeka mikeka mizuri mkeka bei. Hiyo mashine inaitambua kuwa ni ujanja, na msomaji anaichoka.

Kuna na maneno yetu ya nyumbani. Sisi tunasema mabibo na kila mtoto anajua ni lile tunda la mkorosho, lenye maji matamu na ukakasi ulimini. Dada mmoja wa hapa anakausha mabibo, kazi nzuri kabisa, ameandika "Mabibo makavu" basi. Mtu wa Dar es Salaam akisikia Mabibo anafikiria kata iliyoko Ubungo, na mashine nayo itamfikisha huko. Wengine wa pwani ya kaskazini wanaliita kanju. Wengine hawana jina lake kabisa, wanajua kokwa tu. Kwa hiyo aandike "Mabibo makavu, matunda ya mkorosho yaliyokaushwa, gramu 250." Neno la kwetu limebaki, halikuonewa haya, na aliyeko mbali ameshikwa mkono. Vivyo hivyo khanga. Wapo wanaoandika khanga na wapo wanaoandika kanga, na kanga ni ndege pia. Weka moja kwenye jina na jingine kwenye maelezo, na ongeza doti, pamba na urefu.

Mkitaka kujua watu wanaandika nini, msikisie. Shikeni simu, andikeni "korosho" kwenye Google, halafu msibonyeze kitu, tazameni maneno yanayoshuka chini yake. Hayo ni maneno ya watu. Ukiwa na tovuti yako mwenyewe, Google wana chombo cha bure kiitwacho Search Console, kinakuonyesha maneno yaliyowaleta watu kwako. Mimi huyasoma kila Jumapili jioni. Ndipo nilipojua kwamba wengi wanaofika kwangu wanauliza bei ya kilo, nami nilikuwa nauza nusu kilo bila kutaja bei ya kilo popote. Nikaongeza pakiti ya kilo.

Kaka zangu wachongaji, nanyi mmeandika nyote jina moja, "Kinyago cha Kimakonde." Nimehesabu kumi na mbili kwenye ukurasa mmoja, vyote vina jina hilo hilo. Mnunuzi atachaguaje? Mashine nayo itachaguaje? Ninyi mnajua kwamba kuna kinyago cha ujamaa, watu waliopandana juu ya gogo moja, kizazi juu ya kizazi. Kuna shetani. Kuna mawingu, yenye umbo la moshi na mkunjo. Wapenzi wa sanaa duniani wanayajua majina hayo na wanayatafuta hivyo hivyo. Basi andika, "Kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa ujamaa, mpingo, sentimita 42." Chukueni futi kamba. Chukueni mzani pia, maana mpingo ni mti mzito hata ukiutia majini unazama, na mnunuzi wa mbali analipa usafiri kwa kilo. Tena tangu mwaka 2017 mpingo umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mnunuzi wa Ulaya anayejua mambo atakuuliza ni mti gani na una uzito gani. Ukiwa umeshaandika, amekuamini kabla hajakupigia simu. Na kama si mpingo, ni mti mwingine uliopakwa rangi nyeusi, sema ni mti mwingine. Nitarudi kwenye hilo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimelelewa na methali hiyo na ninaiheshimu. Lakini ilisemwa sokoni, mahali ambapo kizuri kipo juu ya meza, mtu anakigeuza, anakinusa, anakionja. Mtandaoni kizuri kimefungwa ndani ya boksi jeusi, na mtu hawezi kulifungua mpaka asome kilichoandikwa juu yake.

Maelezo marefu nitayapita haraka. Google wanaruhusu herufi 5000, hamhitaji zote. Semeni yale ambayo mteja angeuliza akiwa amesimama mbele yenu. Zimekaangwa lini, zimefungwa kwa nini, zinakaa muda gani, zinafaa kwa asiyekula chumvi? Jambo moja tu nasisitiza, msinakili. Niliwahi kumlipa fundi mmoja wa tovuti anijazie maelezo ya bidhaa ishirini. Akachukua ya duka la nje, akabadilisha jina. Sikuyasoma kwa makini, nikaamini. Mteja wa kwanza makini akaniandikia, "Mama, mbona hapa mmesema korosho zenu zimetoka India?" Korosho iliyookotwa chini ya mkorosho wa Tandahimba, ikabanguliwa na akina mama wa hapa kwa vidole vilivyoungua mafuta ya ganda, na ukurasa wangu mwenyewe unaipa India. Nilifuta yote usiku huo na kuandika kwa mkono wangu, bidhaa baada ya bidhaa. Ilinichukua siku tisa.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili ni kubwa kuliko duka langu. Sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ikiwa ghafi. Inapimwa, inaingia ghalani, inauzwa kwa mnada kwa mfumo wa stakabadhi, inapakiwa melini, inabanguliwa India na Vietnam. Ikifika mezani kwa mlaji, Mtwara imeshafutika njiani. Hiki kidogo tunachokibangua wenyewe ndicho chenye jina letu. Tukikiandika vibaya, nacho kinafutika, tena kwa mikono yetu. Kuna kisanduku cha nchi ya asili kwenye masoko mengi. Jazeni. Andikeni Tanzania kwenye kisanduku na Mtwara kwenye maelezo.

Bakodi. Wengi mmeniuliza. Ile mistari myeusi ilianza kusomwa na mashine ya dukani tarehe 26 Juni 1974, huko Troy, Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya ubani wa kutafuna. Namba iliyo chini yake ni kitambulisho cha bidhaa dunia nzima, na zile zinazotolewa kupitia GS1 ya Tanzania, shirika la kusajili namba hizo, huanza na 620. Kwa mashine ya kutafuta namba hiyo ni dhahabu, inajua bidhaa hii ni ipi bila kubahatisha. Mwenye pakiti za korosho anayepanga kuingia maduka makubwa, aitafute namba rasmi. Lakini mchongaji hahitaji, kila kinyago ni kimoja, na mkeka vilevile. Google wana sehemu ya kusema kwamba bidhaa hii haina namba hiyo, na hawatakulaumu. Msibuni namba. Msiazime ya pakiti ya mwenzenu. Ukiweka namba ya sabuni kwenye korosho, mashine itaamini ni sabuni.

Picha. Kitambaa cheupe, mwanga wa asubuhi karibu na dirisha, bidhaa ijae. Google wanapendekeza bidhaa ichukue kati ya asilimia 75 na 90 ya picha. Ondoeni maandishi juu ya picha. Ondoeni namba ya simu, ondoeni "PUNGUZO," ondoeni nembo iliyotandazwa katikati, kwa sababu picha ya namna hiyo inakataliwa na bidhaa haionekani kabisa. Najua mnaziweka kwa kuogopa wizi wa picha, na wizi upo, mimi mwenyewe nimeibiwa. Bado ni bora kuonekana. Picha ya kwanza iwe ya bidhaa peke yake, zinazofuata zionyeshe mkono umeshika pakiti ili mtu apate kipimo, upande wa nyuma, na korosho zikiwa kwenye bakuli. Picha ya pili hiyo, ya mkono, ndiyo iliyonipunguzia maswali kuliko kitu kingine chochote.

Sasa bei na akiba ya bidhaa, ambapo ndipo wengi tunaangukia, na ndipo nilipoangukia mimi kwa maumivu.

Mashine hizi husoma sehemu mbili. Kuna orodha unayoipeleka, kwa Google inapitia Merchant Center, chombo chao cha kupokelea orodha za wauzaji, na kuna ukurasa wa duka lako. Kwenye ukurasa, nyuma ya maandishi tunayoyaona, huwa kuna lebo za kuiambia mashine hii ni bei, hii ni sarafu, hii ipo au imekwisha. Utaratibu wa lebo hizo unaitwa Schema.org, ulianzishwa mwaka 2011 na Google, Microsoft na Yahoo ili wote wasome lugha moja, na programu nyingi za kuendeshea maduka huziweka zenyewe. Mashine inalinganisha. Orodha ikisema shilingi 18,000 na ukurasa ukisema 20,000, bidhaa inakataliwa. Haipigi simu kukuuliza.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya Krismasi. Korosho ghafi ilikuwa imepanda, nikapandisha bei kwenye tovuti na kuisahau orodha. Asubuhi moja bidhaa zangu kumi na moja hazionekani. Nilidhani ni mtandao. Nilikaa siku mbili nikiwasha na kuzima simu, kumbe kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilirekebisha, nikaomba zikaguliwe upya, zikarudi Desemba 27. Wateja wa sikukuu walikuwa wameshanunua kwingine, na akina mama wanne niliokuwa nimewaita kwa kazi ya kufunga pakiti walirudi nyumbani mapema. Hilo la akina mama ndilo lililoninyima usingizi.

Tangu siku hiyo nina daftari. Bei ikibadilika naandika tarehe, halafu naweka alama tatu, orodha, ukurasa, WhatsApp. Sifungi daftari kabla alama tatu hazijatimia. Vijana mtaniambia kuna programu inayofanya hivyo yenyewe, na ni kweli, ipo, itumieni. Daftari langu litabaki. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba taarifa ulizopeleka Google huisha muda baada ya siku 30 zisipohuishwa. Wekeni siku ya mwezi ya kupeleka upya, kama mnavyokumbuka siku ya kodi ya pango.

Akiba nayo. Msimu wetu unaanza mwezi wa kumi. Ikifika Agosti, W240 huwa imeniishia. Zamani niliiacha ionekane ipo, nikisema nitamshawishi mteja achukue ndogo. Huo ni ujanja wa kupoteza mtu maisha yake yote. Kama imekwisha, sema imekwisha. Kuna kisanduku chake, na bidhaa yako haifutwi, inasubiri. Usiifute na kuiandika upya msimu ukifika, maana utapewa kitambulisho kipya na yote yaliyojengeka juu ya ule wa zamani yanapotea. Na ndiyo maana nilisema kuhusu mti uliopakwa rangi. Mtu akilipa mpingo akapokea mti mwingine, anarudisha, anaandika maoni, na maoni yale yanasomwa na mashine na watu, miaka nenda miaka rudi.

Mmeuliza gharama. Google walipoanza huduma hii Desemba 2002, wakiita Froogle, kuweka bidhaa kulikuwa bure. Mwaka 2012 wakaigeuza kuwa ya kulipia. Mwaka 2020 wakaufungua tena mlango wa bure, wakianzia Marekani, na matangazo ya kulipia yakabaki pembeni yake. Ushauri wangu ni mmoja. Usilipie tangazo kabla hujaandika vizuri majina, bei na picha. Kulipia bidhaa isiyo na jina ni kumkodi mpiga mbiu asiyejua anauza nini. Na status ya WhatsApp endeleeni nayo, lakini inakufa baada ya saa 24. Ukurasa wa bidhaa ulioandikwa vizuri unakaa ukiita watu hata ukiwa umelala.

Nimesema vya kutosha. Kwenye meza ile kuna mzani, futi kamba, kitambaa cheupe na simu mbili zenye bando. Tutafanya bidhaa moja sasa hivi, wote tuone. Mama yangu wa mstari wa pili, uliyekuja na mkeka, njoo nao hapa mbele. Kijana, shika huku. Utandazeni.

Haya. Kwanza ni nini? Mkeka. Wa nini? Mama anasema ukindu, si miyaa. Andika ubaoni, "Mkeka wa ukindu." Umesukwa kwa mkono, ndiyo, andika. Pimeni. Futi sita urefu. Upana, vuta kidogo, futi nne. Andika "futi 4 kwa 6." Rangi? Mimi naona zambarau na kijani.

Mama anakataa. Anasema hiyo si zambarau, ni damu ya mzee, aliichemsha mwenyewe siku mbili mpaka ikakubali. Futa zambarau, kijana. Andika damu ya mzee.